Kunata si Kuingia: Jinsi ya Kupima Chembe Nano Zinavyoshika Seli Hai na Zinavyopenya Ndani

Mtu akiziacha seli zikae na chembe nano, yaani chembe ndogo mno, zenye rangi ing'aayo kwa saa nne, akaziosha, kisha akazipitisha kwenye sitomita ya mtiririko, mashine inayosoma mng'aro wa seli moja moja zinapopita, mashine itampa namba. Namba hiyo huandikwa mara nyingi katika ripoti kuwa ni kiasi cha chembe zilizoingia, ilhali mashine haikusema lolote kuhusu kuingia. Ilichopima ni mng'aro ulioambatana na kila seli, na mng'aro huo waweza kutoka kwa chembe iliyonata juu ya utando, chembe iliyonaswa katika kibonyeo ambacho bado hakijafunga mdomo, chembe iliyomo ndani ya endosomu au lisosomu (vifuko vya ndani ya seli), ama rangi tupu iliyovuja na kujipenyeza yenyewe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvitenganisha vitu hivyo kwa vifaa ambavyo maabara ya kawaida ya seli huwa navyo, na mahali ambapo vifaa hivyo havitoshi.

Kabla ya kushika pipeti, andika swali lako kwa sentensi moja. Je, unataka kujua chembe ngapi zinashika utando, au zinaingia kwa kasi gani, au ngapi zimo ndani baada ya siku nzima? Maswali hayo matatu yanahitaji majaribio matatu tofauti, na jaribio moja la saa 24 halijibu hata moja kati yake ipasavyo.

Chembe na seli za kuanzia

Kwa anayeanza, ninashauri jozi ya chembe za aina mbili na seli za aina moja. Chembe za kwanza ziwe za polistirini zenye kipenyo cha nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), zilizotiwa rangi ndani na zenye makundi ya kaboksili juu yake, kwa kuwa huuzwa tayari na ukubwa wake haupishani sana. Za pili ziwe za dhahabu za nanomita 50, ambazo hazihitaji rangi kwa sababu dhahabu yenyewe hupimika kwa uzito hata ikiwa kidogo mno, na seli haina dhahabu yake ya asili ya kuchanganya hesabu. Seli ziwe HeLa, zile zilizotokana na uvimbe wa saratani ya Henrietta Lacks mjini Baltimore mwaka 1951, bila yeye kuombwa idhini. Seli hizo hukua haraka, hushika sahani vizuri, na matokeo mengi ya kulinganisha nayo yamekwisha kupatikana kwazo.

Pima chembe zako katika kiowevu kilekile zitakamokutana na seli. Kipimo cha kutawanyika kwa mwanga, kinachokadiria ukubwa wa chembe, kikifanywa katika maji safi hueleza hali ya chembe katika maji safi tu. Ukizitia katika kiowevu cha lishe chenye chumvi, zaweza kugandamana zikawa mabonge ya nanomita mia tano, na tangu hapo hupimi tena kuingia kwa chembe bali kuzama kwa mabonge. Pima mara zinapotiwa, kisha baada ya saa nne, kisha baada ya saa 24, kwa nyuzijoto 37. Kumbuka pia kwamba seramu (majimaji ya damu yanayotiwa katika lishe ya seli) ina protini zinazotawanya mwanga zenyewe, hivyo pima kiowevu kisicho na chembe kama ulinganisho.

Protini hizohizo hufanya jambo kubwa zaidi. Ndani ya dakika chache tu huivika chembe vazi, na seli hukutana na vazi hilo kabla ya kukutana na chembe. Watafiti wa University College Dublin walionyesha mwaka 2013 kwamba chembe za silika zilizopachikwa transferini (protini inayobeba chuma katika damu) ili zitafute kipokezi chake, yaani protini ya utando inayoishika, zilipoteza uwezo huo pindi protini za seramu zilipozifunika. Kwa upande mwingine, chembe zisizo na vazi hunata kwenye utando kwa nguvu na kuingia kwa wingi zaidi, jambo linaloweza kumfurahisha mtafiti asiyejua kwamba mwilini hali hiyo haipo. Amua mapema kama utatumia seramu, kwa asilimia ngapi, na usibadilishe katikati ya safari.

Jaribio la rangi iliyovuja huchukua saa chache na huokoa miezi. Weka chembe katika kiowevu chenye seramu kwa muda uleule wa jaribio, zitenganishe kwa sentrifuji au kwa kichujio chembamba, kisha uchukue kile kiowevu cha juu kisicho na chembe na uzipe seli. Seli ziking'aa, una tatizo. Dalili nyingine ni mng'aro unaojaa seli nzima kama ukungu badala ya kuwa vidoti, au mng'aro unaofika kileleni ndani ya dakika chache na kutoongezeka tena. Mimi mwenyewe niliwahi kushangilia kwa wiki tatu chembe "zilizoingia hata kwenye barafu", ambako seli hazimezi kitu, hadi mwenzangu aliponiuliza kwa upole kama nilikuwa nimechuja rangi ya ziada. Sikuwa nimechuja.

Dozi iliyomiminwa na dozi iliyofika

Hapa ndipo penye kosa linalofichika kuliko yote, na ndiyo maana nitakaa hapa kwa muda. Tuseme umetia chembe za polistirini kwa ukolezi wa mikrogramu 20 kwa mililita, nusu mililita katika kila kishimo cha sahani ya vishimo 24. Densiti ya polistirini ni kama gramu 1.05 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo chembe moja ya nanomita 100 ina uzito wa gramu 5.5 × 10⁻¹⁶ hivi. Mikrogramu 10 zilizomo kishimoni ni chembe takriban bilioni 18. Kama chini kuna seli laki moja, kila seli imeandaliwa chembe laki moja na themanini elfu.

Lakini ngapi zinafika? Kishimo hicho kina eneo la sentimita za mraba 1.9 hivi, kwa hiyo kina cha kiowevu ni kama milimita 2.6. Chembe ya nanomita 100 katika maji ya nyuzijoto 37 husambaa kwa kiwango cha mikromita za mraba 6.6 kwa sekunde, na kwa kiwango hicho huhitaji takriban siku sita kuvuka milimita 2.6 kwa kutangatanga. Kuzama nako hakuisaidii, maana densiti yake inakaribiana mno na ya maji: hushuka mikromita 34 tu kwa siku. Ukikokotoa msambao kuelekea sakafu inayonasa kila kinachoigusa, kwa saa nne ni chembe zilizokuwa katika tabaka la chini la milimita 0.35 tu ndizo zinazofika, yaani kama asilimia 13. Kwa hiyo seli iliyopewa laki moja na themanini elfu imekutana na zisizozidi elfu 24.

Dhahabu ni habari nyingine kabisa. Chembe ya dhahabu ya nanomita 50 ni ndogo zaidi, lakini kwa densiti ya gramu 19.3 kwa sentimita ya ujazo huzama kama milimita 3 kwa siku, kwa hiyo baada ya saa 24 karibu zote zimekwisha kulala juu ya seli. Anayelinganisha chembe hizi mbili kwa dozi iliyomiminwa atahitimisha kwamba seli zinapenda dhahabu, wakati kilichofanya kazi ni uvutano wa dunia. Mwaka 2011 kundi la mtafiti Younan Xia, wakati huo likiwa Washington University mjini St. Louis, lilifanya jaribio rahisi la kuligundua jambo hili: seli zikaning'inizwa kichwa chini juu ya kiowevu, zikalinganishwa na zile zilizokaa chini kama kawaida. Kwa chembe kubwa na nzito, zilizokuwa chini zilipata nyingi zaidi. Jaribio hilo linahitaji kipande cha kioo na kishikizo tu, na ningependa kuliona katika kila ripoti inayotumia chembe za metali. Ukishindwa, basi angalau fanya hesabu kama hiyo hapo juu na uandike dozi zote mbili, iliyomiminwa na iliyokadiriwa kufika.

Kupima kunata: kazi ya barafu

Seli zikipozwa hadi nyuzijoto 4, kazi ya kumeza utando husimama kwa sababu inahitaji nishati, lakini vipokezi vilivyo juu hubaki mahali pake. Hiyo ndiyo njia ya kupima kunata peke yake.

Panda seli elfu 50 kwa kila kishimo jioni, uzikute kesho yake zimekaribia laki moja. Badilisha kiowevu kiwe chenye bafa ya HEPES (kemikali inayoshikilia pH), kwa maana kiowevu cha kawaida kinachotegemea kaboni dioksidi ya inkubeta hugeuka kuwa na alkali kikikaa nje. Iweke sahani juu ya barafu iliyochanganywa na maji, si juu ya vipande vya barafu visivyo na maji vyenye matundu ya hewa kati yake, kwa dakika 30. Poza pia chembe kabla ya kuzitia. Tumia viwango vya ukolezi visivyopungua sita, kwa mfano kuanzia mikrogramu 1 hadi 100 kwa mililita, na uache kwa saa moja huku sahani ikitikiswa polepole. Kisha osha mara tatu kwa bafa ya fosfeti baridi yenye kalsiamu na magnesiamu; ukitumia isiyo nazo, seli zitaanza kubanduka kabla hujamaliza.

Kila mara uwe na vishimo vya ulinganisho vya aina tatu. Vya kwanza viwe na seli bila chembe, ili kujua mng'aro wa asili wa seli. Vya pili viwe na chembe bila seli lakini vimekaa na kiowevu cha seramu usiku kucha, ili kujua kiasi kinachonata kwenye plastiki. Vya tatu viwe na seli na chembe pamoja na kipokezi kilichozibwa, kama chembe yako ina kitu cha kutafuta kipokezi: tia transferini tupu kwa wingi kwanza, kisha chembe zenye transferini. Kama kunata hakupungui, basi chembe zako hazishiki kupitia kipokezi hicho, hata kama jina lao linasema hivyo.

Kubandua seli kwa ajili ya sitomita kunahitaji uangalifu, kwa sababu tripsini, kimeng'enya cha kubandulia seli, hukata protini za utando na kuondoka na chembe zilizoshika hapo. Wengine huitumia makusudi kama njia ya kusafisha nje ya seli, na si vibaya ikiwa umeipima. Ubaya ni kuitumia bila kujua kwamba umesafisha. Kwa jaribio la kunata, bandua kwa EDTA baridi (kemikali inayonyakua kalsiamu), au ziyeyushe seli palepale kishimoni na usome mng'aro kwa kisoma-sahani. Katika sitomita, soma seli elfu 10 au zaidi, ondoa zilizoshikamana mbilimbili, na ondoa zilizokufa kwa rangi ya propidiamu iodidi, kwa kuwa seli mfu hunyonya chembe kama sifongo na seli mia chache za namna hiyo zinatosha kupotosha wastani. Tumia thamani ya katikati badala ya wastani wa kawaida.

Baada ya kuchora grafu ya kunata dhidi ya ukolezi, wengi hukimbilia kukokotoa kipeo cha mshikamano, yaani namba ya nguvu ya kushikana, kama vile chembe ni molekuli moja ya dawa. Subiri. Weka baadhi ya seli zilizooshwa katika bafa baridi safi kwa saa moja zaidi na upime tena. Chembe moja yaweza kushika vipokezi kumi kwa pamoja, na ikishika hivyo haiachi. Kama baada ya saa hiyo karibu hakuna iliyodondoka, basi mfumo haukuwa kwenye msawazo, yaani zinazonata na zinazodondoka hazikulingana, na kipeo cha mshikamano kilichotokana na grafu hakina maana ya kikemia. Ripoti idadi iliyonata kwa kila ukolezi na muda wake. Hiyo ni ya kweli na inatosha.

Kupima kuingia: kutenganisha nje na ndani

Jaribio bora ni lile la kuanzia kwenye barafu. Zifanye chembe zinate kwa baridi kama ilivyoelezwa, osha zilizo huru, kisha mimina kiowevu chenye nyuzijoto 37 na uhamishie sahani kwenye inkubeta. Simamisha sahani moja moja kwa barafu baada ya dakika 0, 5, 15, 30, 60 na 120. Kwa kuwa hakuna chembe mpya zinazowasili, kinachobadilika ni mahali zilipo tu, na tatizo la dozi iliyofika linakuwa limeondoka lenyewe.

Kila sampuli igawe mara mbili. Nusu ya kwanza isome ilivyo. Nusu ya pili itie kitu kinachozima mng'aro wa nje bila kupenya utando. Kwa rangi ya kijani iliyopachikwa juu ya chembe, tripani buluu ya asilimia 0.2 hadi 0.4 hufanya kazi hiyo kwa dakika chache, lakini yenyewe hutoa mwanga mwekundu inaposhika seli mfu, kwa hiyo usiweke kipimo kingine katika mkondo mwekundu. Kwa chembe zilizotiwa rangi ndani, kama hizi za polistirini, tripani buluu huenda isifikie rangi na isizime vya kutosha. Hapo tumia njia ya rangi mbili: pachika biotini juu ya chembe, na mwishoni, seli zikiwa bado hai na baridi, tia streptavidini, protini inayoshika biotini, yenye rangi nyingine. Chembe iliyo nje itabeba rangi zote mbili, na iliyo ndani itabaki na moja. Ipo pia njia ya kupachika uzi mfupi wa DNA wenye rangi, kisha kuleta uzi mwenza wenye kizimaji unaofungamana nao. Ni safi kuliko zote, ila inadai kemia ya ziada.

Hakuna kizimaji kinachozima kila kitu, na hesabu lazima ikubali hivyo. Sampuli ya dakika 0, ambayo haijawahi kupashwa joto, ndiyo kipimo cha ubora wa kizimaji chako. Tuseme, baada ya kutoa mng'aro wa asili wa seli, sampuli hiyo ilisoma 1000 bila kizimaji na 100 pamoja nacho. Kizimaji kinaacha sehemu 0.1. Baada ya dakika 30 umesoma 900 bila kizimaji na 500 pamoja nacho. Asiyesahihisha atasema ndani kuna 500. Hesabu sahihi ni kutoa kutoka 500 ile sehemu 0.1 ya 900, unapata 410, kisha kugawa kwa 0.9, unapata kama 456. Nje zimebaki 444. Tofauti si kubwa hapa, lakini katika dakika ya tano, ambapo kilichoingia ni kidogo, kutosahihisha kunaweza kuzalisha kuingia kusikokuwapo. Mng'aro wa asili nao upimwe mara mbili, pamoja na kizimaji na bila kizimaji.

Kuna mtego mwingine upande wa ndani. Lisosomu ina pH ya 4.5 hadi 5, na rangi ya fluoreseini hufifia katika asidi, kwa hiyo chembe iliyokwisha kuingia ndani kabisa huonekana hafifu kuliko iliyo nje. Mtu anaweza kuona mng'aro ukishuka baada ya saa moja akadhani chembe zinatoka. Chagua rangi isiyojali asidi, au kabla ya kusoma tia monensini ili pH ya ndani na nje zilingane. Udhaifu huohuo hugeuzwa kuwa chombo: zipo rangi zinazowaka katika asidi peke yake, na chembe yenye rangi hiyo hujitangaza pale tu inapofika katika endosomu.

Baridi nayo si ukuta kamili. Vibonyeo vilivyokwisha kuundwa kabla ya kupozwa hubaki, na chembe iliyolala ndani ya kibonyeo chembamba yaweza kujificha kizimaji kisiifikie. Zaidi ya hayo, mnato wa maji huongezeka kwa baridi, hivyo chembe husambaa polepole karibu mara mbili na nusu kuliko katika nyuzijoto 37. Ukilinganisha moja kwa moja kilichoshikwa kwa saa moja ya baridi na kilichoshikwa kwa saa moja ya joto, sehemu ya tofauti ni ya msambao, haihusu nishati ya seli.

Dhahabu na hesabu ya chembe

Faida ya dhahabu ni kwamba mwishoni unapata idadi ya chembe badala ya mng'aro wa kulinganisha tu. Mashine ni ICP-MS, yaani spektromita ya tungamo inayochoma sampuli katika plazima. Dhahabu ina isotopu moja tu thabiti, ya 197, kwa hiyo kuisoma ni rahisi. Kabla ya kuyeyusha seli, ondoa dhahabu ya nje kwa myeyusho wa iodini na iodidi ya potasiamu, ambao humung'unya dhahabu na ukitumiwa kwa dakika chache huziacha seli zikiwa nzima. Thibitisha mambo mawili kwanza: kwamba muda ulioweka unatosha kuyeyusha chembe zilizonata kwenye seli za barafu, na kwamba baada ya hapo seli bado zinakataa propidiamu iodidi. Sianidi pia huyeyusha dhahabu, lakini sioni sababu ya kuileta karibu na benchi la seli.

Seli zilizobaki ziyeyushe katika mchanganyiko wa asidi ya nitriki sehemu moja na hidrokloriki sehemu tatu, uliotayarishwa papo hapo ndani ya kabati la kuvuta hewa, na usiufunge kamwe kwenye chupa, kwa kuwa hutoa gesi. Dhahabu hung'ang'ania mirija ya mashine, kwa hiyo weka asidi ya hidrokloriki katika maji ya kuoshea na usome sampuli tupu kati ya sampuli nzito.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chembe ya dhahabu ya nanomita 50 ina uzito wa femtogramu 1.26. Ukipata mikrogramu 1 ya dhahabu katika seli milioni moja, kila seli ina pikogramu 1 (femtogramu elfu moja), yaani chembe kama 790. Angalia kipenyo kilivyo na nguvu hapa: uzito hufuata kipeo cha tatu cha kipenyo, hivyo kosa la asilimia 5 katika kipenyo ni kosa la karibu asilimia 16 katika idadi. Usitegemee kipenyo kilichoandikwa kwenye chupa. Pima chembe mia kadhaa kwa hadubini ya elektroni. Kwa ulinganisho, watafiti wa Toronto mwaka 2006 waliona katika seli za HeLa kwamba dhahabu ya nanomita 50 iliingia kwa wingi kuliko ya 14 na ya 74, kwa kiasi cha chembe elfu kadhaa kwa seli. Ukipata milioni, rudi ukatafute mabonge.

Macho ya hadubini

Picha za hadubini ya konfokali, inayopiga tabaka moja moja la seli, zinapendeza na zinahitajika, ila zisipewe kazi isiyo yao. Uwezo wake wa kutenganisha vitu ni kama nanomita 200 kwa upana na zaidi ya 500 kwa kina, kwa hiyo chembe iliyo juu ya utando na iliyo nanomita 100 chini yake ni kidoti kilekile. Paka utando rangi, piga picha kwa tabaka za mikromita 0.3, na uhesabu kuwa ndani zile zilizo mbali waziwazi na utando tu. Zitazame seli zikiwa hai inapowezekana, kwa kuwa kuzigandisha kwa kemikali huweza kusogeza chembe. Hadubini ya elektroni hutatua suala la umbali, lakini kipande kimoja cha nanomita 70 ni sehemu ndogo mno ya seli yenye kimo cha mikromita kumi, na kuona chembe tatu katika kipande hakukupi idadi.

Njia ya kuingilia

Kuhusu dawa za kuzuia njia za kuingilia nitasema machache, kwa sababu nadhani zinatumiwa kupita thamani yake. Kloropromazini huhusishwa na njia ya klatrini (protini inayounda vibonyeo vya kumezea), sitokalasini D huvuruga aktini (nyuzi za kiunzi cha seli), methili-beta-siklodekstrini hunyang'anya utando kolesteroli yake. Kila moja hugusa pia mambo mengine. Dainasoo, inayozuia dainamini (protini inayokata shingo ya kibonyeo), hushikwa na protini za seramu na kupoteza nguvu, hivyo hulazimu kuondoa seramu, na ukiondoa seramu umebadilisha vazi la chembe na swali lote. Ukizitumia, weka transferini yenye rangi kama shahidi: isipozuiwa, dawa haikufanya kazi siku hiyo. Kunyamazisha jeni ya protini husika ni ushahidi mzito zaidi.

Majaribio ya siku nyingi

Seli za HeLa hugawanyika kila baada ya siku moja hivi, na kila zigawanyikapo, mama huwagawia binti wawili chembe alizokuwa nazo. Kazi ya University College Dublin ya mwaka 2012, iliyotumia seli za mapafu za A549, ilionyesha wazi kwamba mgawanyo huu huathiri kiasi kinachopimwa, na kwamba kwa muda uleule seli zilizo karibu kugawanyika huwa na chembe nyingi kuliko zilizozaliwa karibuni. Chukua mfano wa seli inayoingiza chembe 500 kwa saa na kugawanyika kila saa 24: hata bila chembe moja kutoka, wastani hautapanda bila kikomo bali utatulia karibu na 17,300. Utulivu huo kwenye grafu hauonyeshi kwamba seli zimeshiba wala kwamba zinatapika. Hesabu seli katika kila kipindi, zidisha kiasi kwa kila seli kwa idadi ya seli, na uone kama jumla ya kishimo bado inapanda. Kasi ya kuingia ipatie kutoka saa za mwanzo, ambapo mstari bado umenyooka.

Linabaki suala ambalo vipimo vyote hivi haviligusi. Chembe iliyo ndani ya endosomu imeingia katika seli lakini bado imezungukwa na utando, na kwa mwenye kubeba RNA hiyo ni sawa na kukaa sebuleni bila kufika jikoni. Mwaka 2013 kundi la mtafiti Marino Zerial mjini Dresden lilikadiria kuwa ni asilimia 1 hadi 2 tu ya RNA iliyobebwa na chembe za mafuta ndiyo iliyofika katika sitosoli, yaani majimaji ya seli yaliyo nje ya vifuko hivyo. Kwa swali hilo, tumia seli zilizotengenezwa kuwa na galektini (aina ya protini) yenye rangi, ambayo hukimbilia endosomu iliyopasuka na kuonekana kama kidoti, au beba RNA ya protini ing'aayo na upime protini hiyo baada ya saa kadhaa. Pima katika sahani ileile, siku ileile, pamoja na kunata na kuingia, ili namba hizo tatu ziweze kuwekwa katika jedwali moja.